Roketi ya Ngomeni na Mvua ya Kitale

  

Ndugu zetu Waislamu, ukurasa huu kwa kawaida huwa ni wa kukosoa makosa ya watu. Leo ni wa kukosoa kosa letu wenyewe. Kosa hilo tulilisema darasani, kisha tukalichapisha, na watu wakalifanyia kazi. Basi si haki kulirejea kwa kunong'onezana majumbani. Neno lililosemwa mbele ya watu husahihishwa mbele ya watu.

Mwezi wa Machi tulisafiri kwenda bara, mpaka Kitale na Bungoma, kuwazuru ndugu zetu wanaosoma karatasi hizi na kukaa nao katika darasa. Wengi katika sisi watu wa pwani huidhania nchi ile kuwa mbali mno na mambo yetu. Lakini njia hiyo haikuwa ngeni kwa wazee wetu: misafara ya pwani ilikuwa ikipitia Mumias kwa Nabongo Mumia, na kutoka hapo Uislamu ukaenea katika vitongoji vya magharibi. Mwenye kufika Kitale mwezi wa Machi atawakuta watu wote wameshughulika na jambo moja. Mashamba yamekwisha limwa, mbegu zimenunuliwa, na kila jicho laangalia juu. Sisi tuliokulia ufuoni huuliza khabari za upepo. Wao huuliza khabari za mvua.

Usiku wa kwanza, baada ya sala ya Isha mjini Kitale, kijana mmoja mwanafunzi wa sekondari alisimama kwa adabu akasema: "Maalim, tarehe 15 Aprili 2023 nchi yetu ilirushiwa setilaiti iitwayo Taifa-1. Tulifundishwa shuleni kwamba vyombo kama hivyo huyatazama mawingu na mashamba, na kwamba kwa vyombo hivyo watu hutoa khabari za mvua kabla haijanyesha. Nanyi mlitufundisha kwamba mwenye kusema tumenyeshewa na nyota fulani amekufuru. Je, setilaiti si nyota iliyotengenezwa na watu? Na baba yangu akisikia redioni kwamba mvua itachelewa, akangoja asipande, imani yake i salama?"

Tulikuwa tayari kumjibu upesi, kwani jawabu tulikuwa nalo mdomoni tangu zamani. Lakini mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo alitutangulia. Akasema: "Maalim, usijibu leo. Kesho mtakuwa Bungoma. Muulizeni ndugu yetu wa huko khabari ya mahindi yake, kisha mjibu." Msikiti mzima ukanyamaza, tukajua kwamba wote waijua khabari hiyo isipokuwa sisi.

Kulipokucha tulishika njia ya Kiminini na Kimilili, Mlima Elgon ukiwa kuliani kwetu na wingu limeuvika kilele. Bungoma tulimkuta ndugu yetu nyumbani kwake. Ni mtu wa makamo, mwenye ekari mbili za shamba na watoto wanne, wala hana chanzo kingine cha riziki. Alitukaribisha, akatutilia chai, na tulipomuuliza hakutaka kusema. Tulipomuapia kwamba twataka kujua, ndipo aliposema.

Miaka michache nyuma, katika msimu wa kupanda, redio ilitangaza kwamba mvua za mwanzo zitakatika, na kwamba afadhali mkulima angoje. Yeye alikuwa amenuia kungoja. Mdogo wake akamjia na karatasi yetu mkononi, akamsomea maneno tuliyoyaandika: kwamba mwenye kusadiki khabari ya mvua ya kesho hana tofauti na mwenye kumsadiki mpiga ramli. "Maalim," akatuambia, "niliogopa. Nilisema, mahindi nikiyapoteza nitayapata mwaka mwingine, lakini imani nikiipoteza nitaipata wapi?" Basi mvua ya kwanza iliponyesha alipanda ekari zote mbili, kwa mbegu chotara ya dukani na mbolea ya kupandia. Mvua ikakatika. Mbegu zilikuwa zimekwisha chipua, na jua likaziunguza shambani zikiwa urefu wa kidole. Ilimbidi amuuze mtamba wake ili anunue mbegu mara ya pili. Na mtamba huyo alikuwa amewekwa kwa ajili ya karo ya binti yake. Binti akakaa nyumbani muhula mmoja.

Hakutulaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Tulimwambia kwamba tutachanga tumlipe. Akatikisa kichwa, akasema: "Mtamba amekwisha kwenda, na binti amerudi shule, alhamdulillahi. Msinilipe. Lile mlilichapisha, na hili lichapisheni. Walilisoma wengi, na si wote walio na mtamba."

Hii ndiyo sababu ya maneno haya, nasi twalipa deni.

Sasa natueleze tulikosea wapi. Darasa ile ilikuwa juu ya wapiga ramli na watazamiaji, wale wanaofungua vitabu vya nyota wakamwambia mtu siku ya kuoa na siku ya kusafiri, na mwivi wake ni nani, kisha wakapokea fedha. Katika hilo hatuondoi hata herufi moja. Hao ni waongo, na kuwaendea ni dhambi, ijapokuwa wanaowaendea ni wengi katika miji yetu. Na tulitaja pia khabari ya Hudaibiya: usiku kulinyesha mvua, na asubuhi Mtume, rehema na amani zimshukie, akawafahamisha masahaba wake kwamba mwenye kuinasibisha mvua na fadhila ya Mwenyezi Mungu ni muumini, na mwenye kuinasibisha na nyota ameikufuru neema. Hilo nalo ni haki. Kosa letu ni kwamba hatukusimama hapo. Tulichukua kila khabari ya mvua, ya mwongo na ya mwenye ilimu, tukazitia katika kapu moja, na wala hatukuwa tumejifunza hata kidogo namna khabari ya mwenye ilimu inavyopatikana.

Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Sisi tulihukumu bila ya kujua. Na aibu yetu inazidi, kwa sababu chombo hicho kilikuwa mlangoni petu. Ndugu zetu wa Kitale wana udhuru wa umbali. Sisi wa pwani hatuna udhuru.

Kaskazini ya Malindi, katika maji ya Ngomeni, Wataliani walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya bahari. La kurushia roketi liliitwa San Marco, na jenzie la kuongozea liliitwa Santa Rita. Mkuu wa kazi ile alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, na roketi zilitoka Marekani. Roketi ya kwanza kuchukua setilaiti kutoka pale iliruka tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Zote pamoja zilipeleka setilaiti tisa angani. Mashuhuri kuliko zote iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Kwa kuiheshimu siku hiyo na wenyeji wake, setilaiti hiyo ikapewa jina la Uhuru. Neno la lugha yetu, ndugu zetu, limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima; na ni wangapi katika sisi wanaojua kilichofanywa na chombo kilichobeba jina hilo?

Tukieleze kwa ufupi. Mtu akirusha jiwe, jiwe huenda mbele na huku linaanguka, mpaka lipige chini. Akilirusha kwa nguvu zaidi, huenda mbali zaidi. Lau angeweza kulirusha juu ya hewa yote kwa mwendo unaopita kilomita 27,000 kwa saa, jiwe lingeendelea kuanguka, lakini ardhi nayo, kwa kuwa ni mviringo, ingekuwa inapinda chini yake kwa kadiri ile ile. Jiwe lisingefika chini, bali lingeizunguka dunia. Hiyo ndiyo setilaiti, wala hakuna uchawi ndani yake. Ni kitu kinachoanguka kwa kanuni aliyoiweka Muumba, kisifike chini. Roketi ndiyo mkono unaokirusha. Ile ya Ngomeni, iitwayo Scout, ilikuwa na vipande vinne kimoja juu ya kingine. Kimoja kikimaliza fueli yake huachwa kianguke, na kinachofuata huwaka. Na ilichaguliwa pwani yetu kwa kuwa iko karibu na mstari wa ikweta, mahali ambapo dunia huzunguka kwa kasi zaidi kuliko pengine popote. Mwenye kurusha kuelekea mashariki husaidiwa na mzunguko huo, kama nahodha anayesaidiwa na mkondo wa maji.

Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 142, na iliizunguka dunia kila dakika 96. Kazi yake ilikuwa kutafuta angani miale ya eksirei, ambayo hewa yetu huizuia isitufikie hapa chini. Kabla yake vyanzo vya miale hiyo vilivyojulikana vilikuwa vichache. Yenyewe, mpaka ilipomaliza kazi mwaka 1973, ilikuwa imeandikisha 339. Katika vyanzo ilivyovichunguza kilikuwamo kimoja ambacho miale yake hubadilika upesi mno. Wataalamu walipokifuatilia kwa vyombo vingine walifikia kusema kwamba hapo pana nyota iliyojikunja hata nuru haiwezi kutoka ndani yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa chombo hicho, alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi yake katika elimu hiyo. Na msimamizi wa mradi wote wa kukiunda na kukirusha alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Natuyahifadhi haya, tutayarejea.

Lakini Uhuru ilitazama juu. Inayomhusu mkulima wa Bungoma ni ile inayotazama chini. Tangu mwaka 1977 nchi za Ulaya zimekuwa zikirusha setilaiti za Meteosat, ambazo huwekwa juu ya ikweta kwa umbali upatao kilomita 36,000. Kwa umbali huo chombo huizunguka dunia kwa muda ule ule dunia inaojizungusha, na kwa hiyo huonekana kama kimesimama mahali pamoja juu ya Afrika. Kila baada ya dakika chache huchukua picha ya mawingu: yalipo, urefu wake, ubaridi wake, na yanakokwenda. Vyombo vingine hupita chini zaidi na kuyatazama majani. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi aina moja ya nuru isiyoonekana kwa jicho, na jani lenye kiu hurudisha kidogo. Kwa tofauti hiyo shamba huonekana limeanza kudhoofika kabla mwenyewe hajatambua. Taifa-1 nayo, iliyoruka kutoka California katika siku za kumi la mwisho la Ramadhani, wakati Kitale wako katika kupanda, iliundwa kwa kuchukua picha za ardhi.

Basi natuulize: mwenye kuliona wingu lililokwisha kuumbwa, akapima mwendo wake, akasema huenda likafika kesho, amedai ghaibu? Ghaibu ni lile lililofichwa wala halina dalili iliyo wazi kwa viumbe. Wingu limekwisha kuwako, nalo laonekana. Nahodha aliyesimama tezini akaona giza upande wa kusi, akaamuru tanga lipunguzwe, hakuna hata mmoja katika wazee wetu aliyemwita kafiri. Setilaiti ni jicho la yule nahodha, limeinuliwa juu zaidi.

Tena twaulize mambo ya hesabu. Tarehe 3 Novemba 2013, wakati wa alasiri, jua lilipatwa, na watu wa Turkana, upande wa kaskazini ya Kitale, waliliona likifunikwa. Siku hiyo, na saa yake, na njia ya kivuli ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka mingi mbele. Je, walioiandika walifunuliwa ghaibu? La. Mwenyezi Mungu amelipa jua na mwezi mwendo usiokosea, na mwenye kujifunza hesabu husoma mwendo huo. Nasi hutumia hesabu hiyo hiyo kila siku katika jedwali la nyakati za sala lililobandikwa ukutani mwa misikiti yetu, wala hatujaliita ramli.

Ila mvua si kama jua. Mwendo wa jua ni hesabu ya yakini. Khabari ya mvua ni dhana yenye nguvu, na mara nyingine hukosea, na wenye ilimu yake wenyewe hukiri hivyo. Hapa ndipo ilipo alama ya kumpambanua mwanachuoni na mpiga ramli. Mwanachuoni husema "huenda", akaonyesha dalili yake, na kesho yake akikosea husema amekosea. Mpiga ramli husema "yakini", huficha dalili, na akikosea husema ni wewe hukutimiza masharti, lete kuku mwingine. Tulipaswa kuifundisha Bungoma alama hii. Badala yake tulipiga marufuku kila khabari, na kwa kufanya hivyo tulisema "yakini" katika jambo tusilolijua. Mwenyezi Mungu atusamehe, siku ile sisi ndio tuliofanana na mpiga ramli.

Huenda mtu akasema: "Lakini katika mambo matano ambayo funguo zake ziko kwa Mwenyezi Mungu peke yake imo mvua." Ndiyo, nasi twaamini hivyo. Kuiteremsha ni kwake, na kuizuia ni kwake, na ilimu kamili ya tone lipi litaangukia shamba lipi ni yake. Setilaiti haileti hata tone moja. Hata ikikusanya picha za mawingu yote ya Afrika, haiwezi kulisukuma wingu moja kutoka Elgon mpaka Chwele. Mwenye kusema kwamba chombo kimetupa mvua amekosea kama yule aliyesema nyota imetupa. Na twawaonya vijana wetu juu ya hilo, kwani wapo wanaoitaja sayansi kama kwamba ndiyo inayoruzuku. Kosa la kukiabudu chombo ni kubwa. Kosa letu lilikuwa la upande wa pili, nalo ni kuikataa dalili aliyoiweka Muumba mwenyewe mbele ya macho, kisha tukaita kukataa huko kuwa ni imani.

Wazee wetu hawakukosea hivyo. Watu wa pwani walihisabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, wakajua majira ya kusafiri na majira ya kufunga vyombo. Walikitazama Kilimia, ambacho hata jina lake latokana na kulima, wakajua wakati wa kushika jembe. Walikuwa wakisali, wakifunga, wakimtegemea Mola wao, wala hawakusema kwamba Kilimia ndicho kinachonyesha. Walijua kwamba dalili si mwenye kutenda. Sisi tuliosoma zaidi yao ndio tuliolisahau hilo.

Na yatosha khabari moja ya Madina kutuaibisha. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakuta watu wakitia chavua ya mtende dume katika maua ya mtende jike. Akasema kwamba hadhani kuwa jambo hilo lafaa kitu. Nao kwa mapenzi yao kwake wakaliacha, na mwaka ule tende zikatoka mbovu. Walipomwambia, hakukasirika wala hakuwalaumu. Aliwafahamisha kwamba ile ilikuwa dhana yake katika jambo la kidunia, wala haikuwa wahyi, na kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo yao ya dunia. Natufikiri, ndugu zetu. Yeye ni mbora wa viumbe, naye aliwarudishia wakulima ilimu yao hadharani, na khabari hiyo ikahifadhiwa mpaka ikatufikia. Je, sisi ni nani hata tuone haya kumwambia mkulima wa Bungoma kwamba tulikosea?

Kwa hiyo twasema, na mwenye kuwa na karatasi yetu ya zamani aandike pembeni mwake: kuisikiliza khabari ya mvua itolewayo na wenye ilimu yake, na kuifanyia kazi katika kupanda na kuvuna na kuingia baharini, ni halali. Bali ni katika kushika sababu, na kushika sababu ni sehemu ya kutawakali. Mwenye kuifuata aseme inshallah, kwa kuwa ni dhana. Ikisibu amshukuru Mola wake, na ikikosea asubiri. Na kumwendea mpiga ramli kubaki kama tulivyosema: haramu.

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi wa mijini pwani. Roketi tisa zenye setilaiti zilipaa kutoka maji ya Ngomeni. Tuliziona, tukasikia mngurumo wake, tukahadithiana barazani, kisha tukanywa kahawa. Wageni walikuja, wakapima, wakaandika, wakarudi kwao na ilimu. Hawakutuibia, kwani ilimu haiibiwi, tuliiacha ipite. Tulikuwa ndio watu wa falaki. Al-Sufi aliziandika nyota moja moja katika karne ya 10, na al-Biruni, katika karne ya 11, aliupima ukubwa wa dunia kwa kupanda mlima na kupima pembe ya upeo wake. Leo mtoto wetu akipata alama nzuri katika hesabu, twamwambia afanye upesi aingie dukani. Na akiwa ni binti, hata hilo la duka hatumwambii. Nasi tumekwisha kusikia ni nani aliyesimamia kuundwa na kurushwa kwa Uhuru.

Wanavyuoni wamesema kwamba kila ilimu ambayo umma hauwezi kuishi bila yake ni faradhi ya kutosheleza: asipoifanya hata mmoja, dhambi ni ya wote. Yule kijana wa Kitale aliuliza swali ambalo katika mji wetu wote hatukuwa na mtu wa kulijibu kwa ilimu ya dini na ilimu ya anga kwa pamoja. Basi dhambi hiyo imo shingoni mwetu, na twataka kuiondoa kwa vitendo vitatu.

La kwanza, kila madrasa inayofuata darasa yetu iweke kipimamvua uani, na watoto waandike katika daftari kila asubuhi kadiri iliyonyesha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya sinia moja la biriani. Mtoto anayepima mvua ya jana hatadanganywa na mpiga ramli wa kesho. La pili, pawe na saa moja kwa wiki ya hesabu na falaki, ianze na kibla na nyakati za sala na kuandama kwa mwezi, iendelee mpaka mwendo wa setilaiti. Wavulana na wasichana wasome sawasawa. La tatu, katika fedha tunazozimaliza kwa karamu za arusi na za matanga, itengwe sehemu ya karo kwa watoto wenye akili ya sayansi, wa pwani na wa bara. Tumekwisha anza. Sehemu ya kwanza inakwenda Bungoma, kwa karo ya wale ambao baba zao waliisoma karatasi yetu wala hawakuwa na mtamba wa kuuza.

Tulirudi Kitale kabla ya kushika njia ya kurejea pwani, tukamjibu yule kijana mbele ya wenzake kwa haya mliyoyasoma. Alisikiliza, kisha akauliza: "Basi Maalim, naweza kusomea kazi hiyo?" Tukamwambia: soma, na ukifika, uturejee utufundishe.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulilolisema bila ya ilimu, na wafidie waliopata hasara kwa ajili yake. Teremsha mvua yenye kheri katika mashamba ya Kitale na Bungoma, na ulinde vyombo vya baharini. Wafungulie watoto wetu mlango wa ilimu yenye manufaa, uwajaalie waone katika mbingu dalili za utukufu wako, wala usiwafanye katika wenye kuona kisha wasifikiri. Amin.